Gitaa la Bubu

Juzi mjukuu wangu aliniletea baiskeli yake iliyokuwa ikikwaruza, nami nikatoa kichupa changu cha mafuta ya cherehani nikautia mnyororo. Harufu iliponipanda puani, mkono ukalegea. Mtoto akauliza, "Jaja, unalia?" Nikamwambia ni vumbi. Vumbi gani, na mvua imenyesha tangu asubuhi? Lakini nyinyi wenzangu mliokuwa watoto wakati ule wa vita mnajua: zipo harufu zisizobisha hodi.

Kwangu hiyo ni harufu ya baba. Tulikaa Walukuba, kule Jinja, kwenye nyumba za wafanyakazi, na baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo. Siku za kazi alinuka mafuta na pamba. Jumamosi alinuka mafuta na sabuni, kwa sababu Jumamosi alipiga gitaa hotelini. Na gitaa lenyewe msifikiri ni lile la kupakata kifuani. Hili lililala chali juu ya miguu minne kama meza nyembamba, lina nyuzi kumi juu na pedali tatu chini. Mkono wa kushoto wa baba ulitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia ukadonoa, na mguu ukakanyaga. Pedali ilivuta ufito, ufito ukavuta uzi, na sauti iliyokuwa imeshatoka ikapinda hapo hapo hewani ikaanza kulia. Wallahi, sijasikia tena kitu kilichojua kulia namna ile.

Lilikuwa la Mhindi mwenye hoteli. Alipoamriwa kuondoka nchini alimwachia baba, maana hakukuwa na mwingine mjini aliyejua pa kukanyaga. Na waliolipenda kuliko wote walikuwa maofisa wa jeshi kutoka kambi ya Kimaka. Walitaka nyimbo za kauboi, na walipozipata walitulia na bia zao, wengine wakatoa leso. Mama alinipeleka mara moja moja nikachungulia kwenye mlango wa jikoni, na mimi nilijaa fahari: watu wenye bastola viunoni wanafuta machozi kwa sababu ya mguu wa baba yangu.

Vita vilipofika Jinja, fahari hiyo ikageuka mzigo. Sisi ni Wanubi. Mababu zetu waliletwa kutoka Sudani wakiwa askari, na ile serikali ya kijeshi iliyokuwa ikianguka ilikuwa na Wanubi wengi ndani yake. Baba hakuwahi kushika bunduki, lakini siku hizo nani alikuwa na muda wa kuuliza? Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Majirani tuliokuwa tukiazimana nao chumvi waliingia ndani wakabeba kitanda, sufuria, hata mlango wa choo. Gitaa walilitupa nje kwa kuwa hawakujua ni la kazi gani. Nililiona likianguka juu ya saruji, ufito mmoja ukakatika, na pedali ikabaki inaning'inia.

Siku hiyo hiyo baba alinyamaza.

Hapo ndipo akili yangu ya kitoto ilipofunga fundo lake. Niliona pedali imevunjika, na tangu saa ile sikumsikia baba tena. Basi nikajua pedali ndiyo iliyoondoka na sauti yake. Hakuna aliyenieleza kwamba wakubwa walikuwa wameshauriana. Wangeniambiaje, mtoto mwenye mdomo kama redio ya sokoni? Mama alikuwa na bibi Msoga, na Kisoga kilimtoka vizuri. Mimi nilikijua kwa kucheza na watoto wa Walukuba. Lakini baba hakuwa na lugha ya kumficha. Kiswahili chake kilikuwa cha Kinubi kabisa, na sentensi moja tu ingetosha watu wajue alikotoka. Wakaamua awe bubu.

Aliyetutoa Jinja alikuwa Wafula, dereva wa lori kutoka Bungoma, upande wa Kenya, mtu wa kanisa asiyekosa Jumapili, ambaye kila lori lake lilipolala Jinja alikuja hotelini kusikiliza gitaa akinywa soda. Alitupakia katikati ya magunia ya mkaa. Mama aliacha vyote vilivyosalia, lakini baba alilifungua gitaa vipande vipande, akavifunga ndani ya blanketi, na akasimama kando ya lori mpaka tukaelewa kwamba bila kifurushi kile haendi. Barabarani askari walikikuta. Mmoja akashika zile fito akasema hii ni bunduki kubwa iliyofunguliwa. Mwingine akasema ni mtambo wa redio. Wafula akacheka kicheko cha mtu asiye na haraka, akawaambia, afande, hiyo ni mashine ya kufuma mablanketi, na huyu ni shemeji yangu, homa ilimchukua sauti. Mama alikuwa amenishika mkono, na kucha zake ziliniingia nyamani. Mimi niliamini kila neno. Homa au pedali, kwangu vilikuwa kitu kimoja.

Wafula alitutafutia chumba Mbale, upande wa Wanale, chini kabisa ya ule mlima unaoshusha maji meupe wakati wa mvua. Wenyeji, Wagisu, walimwona ndugu, maana lugha yake na yao zinasikilizana, na neno lake kwamba huyu ni shemeji lilipokelewa bila maswali. Vyumba vilikuwa mstari mmoja na kuta zake nyembamba. Jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kupaza sauti. Kwa hiyo baba hakusema hata ndani, hata kwa kunong'ona. Mama alivua kipini chake cha puani, pambo la wanawake wa Kinubi, akaziba tundu kwa masizi na mafuta. Nilikatazwa Kiswahili na Kinubi, na kukatazwa huko sikukuelewa. Siku moja nikiruka kamba na watoto wa uani niliimba wimbo wetu wa Walukuba, wa Kiswahili, na mlango mmoja ukafungwa kwa kishindo. Mama alinivuta ndani akanifinya paja mpaka nikakosa pumzi ya kulilia.

Mlango ule ulikuwa wa mwenye vyumba, Mama Nambozo, mjane wa Kigisu, mrefu, mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kutoa. Mwanawe wa pekee alichukuliwa na askari wa utawala ule ulioanguka, mchana kweupe, akianika kahawa hapo hapo uani, na hakurudi. Waliomchukua walisema Kiswahili. Tangu siku hiyo, neno la Kiswahili likikatiza uani kwake, yeye hufunga mlango. Lakini huyo mama alimpenda baba! Alisema mabubu ni watu wa Mungu, hawajamdanganya mtu. Alimpa baraza lake atengenezee baiskeli, na alimpikia malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa karanga za kusaga, akamletea bakuli mkononi. Kila alipotuhurumia, mama alizidi kuogopa. Geti la kambi ya askari wa serikali mpya halikuwa mbali, na habari za wanaume wa Kinubi waliopelekwa pale tulikuwa tumezisikia. Neno moja la Mama Nambozo lingetosha.

Sasa niambieni, mtu anayeshinda na spoki za baiskeli mikononi, na chini ya kitanda chake kuna gitaa lililokatika ufito, atajizuia mpaka lini? Siku moja nilimwona ameikunja ncha ya spoki, anaichungulia, anaikunja tena. Kesho yake gitaa lilikuwa limesimama katikati ya chumba. Mama alikasirika kwa macho na mikono, na ugomvi wa watu wasiosema ni kitu cha kutisha, acheni mchezo. Alionyesha ukuta, akaonyesha sikio, akapitisha kidole shingoni. Baba akamwonyesha kwamba umeme hakuna, na bila umeme gitaa lile halina sauti zaidi ya mbu. Mama akageukia ukuta. Mimi nilikuwa upande wa baba waziwazi, maana kwa hesabu yangu alikuwa anatengeneza koo lake.

Spoki ni kama ziliumbwa kwa kazi ile. Upande mmoja zina kichwa cha kushikia, upande mwingine zinafungwa nati, na ile nati ndogo ukiizungusha, uzi wa gitaa unapanda au kushuka kiasi unachotaka. Bushi za pedali, zile pete ndogo zinazoshika mhimili, zilikuwa zimelika hata pedali zikawa zinacheza ovyo. Hapo ndipo miswaki yetu ilipopotea. Baba alikata mipini yake, akaitoboa kwa msumari wa moto, akapata bushi mpya. Chumba kilinuka plastiki iliyoungua, na mama akarudi kusugua meno kwa kijiti, akimkodolea baba macho kila asubuhi. Kilichobaki ni springi ya kurudisha pedali ya tatu, na hiyo alikuwa na mpango wa kuitoa kwenye stendi ya baiskeli. Kila alipounganisha kipande nilimtazama koo. Kimoja zaidi, nilijiambia, na sauti itapita.

Mama Nambozo naye aliingia siku moja bila kutazamiwa akalikuta lile dude limesimama, nyuzi zimefunikwa kanga. Mama akamwambia yale yale ya Wafula, kwamba ni mashine ya kufuma mablanketi. Lo! Baridi ya chini ya Wanale wanaoijua wanaijua. Tangu hapo akawa anauliza blanketi lake litakuwa tayari lini, na kama rangi nyekundu itapatikana, na mama anamjibu kwa Kisoga kwamba vyuma bado, Mama, vyuma bado. Tukawa tunadaiwa blanketi na mwanamke ambaye, angejua sisi ni nani, asingetuacha tulale pale usiku mmoja.

Siku ya ajali Wafula alikuwa safarini, upande wa Malaba. Ilikuwa mchana. Baba alikuwa amelala chali chini ya gitaa, anaivuta springi ya stendi kwa bisibisi aitie kwenye ndoana yake, na springi ile ilikuwa kaidi. Mama Nambozo akasimama mlangoni na bakuli la malewa. Springi ikachomoka, bisibisi ikateleza ikampenya baba kiganja, kati ya kidole gumba na cha shahada. Niliiona ncha yake ikitokea upande wa pili.

Baba aliuma meno. Mishipa ya shingo ilimsimama, na machozi yakamchirizika kuelekea masikioni kwa vile alikuwa chali. Lakini sauti haikutoka, hata pumzi haikutoka. Aliichomoa bisibisi mwenyewe, akakaa, akaufunga mkono kwa shati lake, kimya kabisa. Mimi nilimwonea fahari. Mama naye, nilimwona, alishusha mabega: amevumilia, siri imebaki ndani.

Mama Nambozo hakusogea kumsaidia. Alimtazama baba namna mtu anavyotazama maziwa anayoshuku yameharibika. Akaliweka bakuli sakafuni taratibu, akaondoka, si kuelekea chumbani kwake, bali kwa njia ya kushuka mjini, njia ya geti la askari.

Mama hakujua kosa lilikuwa wapi, ila lile jicho aliliona. Alifunga mizigo, akaifungua, akaifunga tena. Tungeenda wapi, mchana, na mwanaume anayevuja damu? Alimvuta baba kuelekea mlango wa nyuma. Baba akamshika bega kwa mkono mzima, akatikisa kichwa. Kisha, na hili mama hakumsamehe upesi, akarudi chini ya gitaa. Aliitia springi kwa mkono wa kushoto. Akaketi, akadonoa, akakanyaga pedali ya kwanza, uzi ukapanda ukarudi pale pale ulipotoka. Akakanyaga ya pili. Akakanyaga ya tatu, ile iliyovunjika Walukuba, nayo ikaitika. Ilikuwa sauti ya mbu, lakini mbu anayejua kulia. Nikamkazia macho mdomoni nikangoja. Hakuna kitu. Nikaenda kukaa pembeni, nikamkasirikia Mungu.

Tukasikia hatua nje. Mama akasikiliza, nami nikasikiliza: zilikuwa za mtu mmoja. Mama Nambozo akaingia, akafunga mlango, akaketi juu ya mzigo wetu uliofungwa. Na yeye, ambaye hakutaka kusikia lugha ile ikipita uani kwake, akafungua mdomo akatoa Kiswahili, cha kuokota, neno kwa neno.

"Bubu analia," alisema. "Ndugu yangu ilikuwa bubu. Moto ilichoma yeye, alilia mpaka watu ya mlima ilishuka. Wewe, chuma inapita mkono, unanyamaza. Wewe si bubu. Wewe unaogopa."

Akatuambia kwamba amefika mpaka getini, askari akamwuliza mama unataka nini, naye akasema amepotea njia. Amepotea njia, mtu aliyezaliwa hapo! Alirudi kwa sababu kuna jambo alitaka alisikie kwa baba mwenyewe, na akishalisikia ataamua kama anarudi getini au harudi.

"Siku ile walichukua mtoto yangu," alisema, "wewe ulikuwa wapi?"

Mama alimtikisia baba kichwa, nyamaza, nyamaza tu. Baba angeweza kunyamaza. Angeweza pia kusema alikuwa shambani, alikuwa hospitali, alikuwa popote. Alilitazama gitaa, kisha akamtazama yule mama. Koo lake likasogea. Sauti iliyotoka ilikuwa imekauka, ndogo kuliko ile niliyoikumbuka.

"Nilikuwa Jinja, Mama. Nilikuwa nawapigia gitaa hili. Wakimaliza kazi zao walikuja kwangu, na mimi nikawapigia."

Nikapiga makofi. Nawaapia, nilipiga makofi. Nilimrukia baba shingoni nikamshika midomo kwa vidole vyote, nikicheka, nikimwambia Mama Nambozo kwa Kisoga kwamba pedali imepona, na baba naye amepona hapo hapo. Mama alinivuta, nikamponyoka. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu kabla sijalisikia vizuri jibu lile, na siku niliyolisikia nililala bila kula.

Mama Nambozo aliniacha nimalize furaha yangu. Kisha akanyoosha mkono, akalifunua gitaa, akazitazama zile nyuzi. Akauliza kama hilo ndilo blanketi lake. Baba akasema ndilo. Yule mama akalifunika tena. Mwisho akasema kitu hicho kisilie ndani ya nyumba yake, hata kwa sauti ya mbu, madhali yeye yu hai. Baba akainamisha kichwa. Yule mama akainuka, akafungua mlango, akageuka.

"Na siku ingine ukiumia," alisema, "lia."

Malewa hayakuja tena. Salamu zake zikawa fupi, na asubuhi nyingine hazikuwapo. Baba alilifungua gitaa, zima sasa, limepona kila kiungo, akalirudisha vipande vipande ndani ya blanketi. Mimi nikaambiwa ukweli wote, maana hapakuwa tena na njia ya kunificha, na nikajifunza kunyamaza nikiwa bado na meno ya utoto. Wafula aliporudi alitaka kutuhamisha, baba akakataa; alisema kwa kunong'ona kwamba akihama sasa, atakuwa amemkimbia yule mama. Tukaishi hivyo, bila kujua ameamua nini. Kila buti lililopita barazani, mama aliacha alichokuwa akikifanya.

Hata asubuhi moja askari akaja na baiskeli yenye pedali iliyolegea. Alimsimamia baba kichwani akimsemesha kwa Kiswahili, kwanza kwa utani, baadaye si kwa utani: unatoka wapi, bwana, mbona hujibu, mimi nakuona kama nakufahamu. Watu walikuwa vyumbani mwao na milango wazi. Mama Nambozo alikuwa ameketi mlangoni pake akichambua maharage. Baba alikuwa akigonga pini ya pedali kwa nyundo, na nyundo ikateleza ikampata kidole. Jambo dogo, la kila fundi, la kila siku.

Baba akafungua mdomo akalia. Ilikuwa sauti mbaya, haina hata neno moja ndani yake, na haikukoma pale kidole kilipopaswa kuacha kuuma. Alikaa chini na nyundo mapajani akalia, akalia, watu wakatoka vyumbani, mama akasimama na mkono mdomoni, na askari akarudi nyuma akiuliza huyu ana nini.

Mama Nambozo hakuinua kichwa.

"Wacha yeye, afande," alisema. "Hiyo bubu ni yangu. Imeumia."